Nguzo Niliyoihamisha Hatua Nane

Nyie vijana wa vipimo mnaopita hapa Makanyagio na vifaa vyenu begani, mnanitupia "shikamoo babu" na bodaboda haijasimama hata, leo shukeni mkae. Najua mna haraka. Kifaa chenu kinawaambia mlipo kabla hamjamaliza kufunga kamba za viatu. Sisi tulikuwa tunapanda mlima siku nzima, tunakata matawi yanayoziba, halafu tunakaa juu siku nne tukisubiri moshi wa wachoma pori upungue ili tuone kilima cha pili. Ukikiona unamshukuru Mungu, unasoma pembe zako mbiombio kabla moshi haujarudi.

Lakini sikuwaita niwasifie zamani. Zamani ilikuwa na wajinga wake, na mmoja wao ndiye huyu anayeongea. Nimesikia wiki hii mnapanda kile kilima cha upande wa Ugalla, chenye nguzo ya vipimo ya zamani. Kabla hamjapanda kuna neno lazima mlisikie, maana nguzo ile ilimvunjia mtu nyumba, na aliyeisimamisha ni mimi.

Kazi nilifundishwa na mzee Sitta, Msukuma mrefu, mkali kama pilipili. Nilianza kwake kama mshika mnyororo, yaani yule anayeburuta mnyororo wa kupimia porini huku mbung'o wakimla shingo. Siku ya kwanza nikaegemea mguu wa theodolaiti, ile mashine ya kusomea pembe. Kofi lilitua mkononi hata sijageuka.

"Huo siyo mkongojo wa bibi yako!"

Ndivyo alivyokuwa. Aliandika kwa penseli tu, kwa sababu wino ukinyeshewa unakimbia na kazi ya mwezi inakwenda nao. Na kufuta alikuwa hataki kabisa. Ukikosea namba unaikata mstari mmoja, isomeke chini yake, ndipo unaandika nyingine pembeni. "Atakayekuja baada yako ajue ulikosea wapi," alikuwa akisema. Kila asubuhi ananipekua mfuko wa shati kutafuta kifutio. Siku moja akakikuta. Akakitupa mto Ugalla, tukaendelea na kazi, na labda yuko mamba mpaka leo anacho tumboni.

Kila kitu alipima mara mbili, asubuhi na alasiri. Alasiri ikifika, mimi ndiye nasoma, yeye anaziba jibu la asubuhi kwa kiganja. Nikamuuliza, mzee, mbona unanificha? Akaniambia binadamu akilijua jibu la kwanza, la pili atalifananisha nalo hata bila kutaka. Mimi nilimwona mshamba. Leo ningempigia magoti.

Sasa tuje kwenye kilima.

Nyie watu wa Mpanda mnajua imani iliyopo hapa, kwamba Mjerumani aliacha mali chini ya kila nguzo ya saruji iliyo juu ya mlima. Wengine wanasema dhahabu, wengine wanasema zebaki. Nimewahi kufuatwa na mzee wa heshima zake, tena baada ya ibada, akaninong'oneza: "Bwana Vipimo, nionyeshe ile yenye zebaki, tutajuana." Nikamwambia chini ya nguzo kuna kokoto. Akacheka, akanipiga bega, akaondoka akiamini namficha.

Basi tulipewa kazi ya kupima mpaka kati ya hifadhi ya msitu na mashamba ya vijiji. Mstari ulianzia kwenye ile nguzo ya kilimani kwenda mbele mwendo wa siku nzima kwa mguu. Tumefika juu, nguzo hakuna. Kuna shimo pana kama sebule, mawe yametapakaa, na kile kifungo cha shaba chenye namba, ambacho huwa kinapachikwa juu ya nguzo, kimetupwa majanini. Wachimbaji walikuwa wamemaliza kazi yao, wakakuta kokoto.

Mzee Sitta akakaa juu ya jiwe, akatoa daftari la vipimo na penseli. Utaratibu ulikuwa mmoja tu. Unaandika "imeharibiwa", unashuka, halafu mahali pale panapimwa upya kutokea vilima vingine, kazi ya miezi. Alishaandika herufi ya kwanza. Niliiona.

Mimi ndiye niliyemzuia, wajukuu zangu. Yeye hakuwa na kosa. Tulikuwa na siku ishirini porini, mke wangu amejifungua mtoto wa kwanza sijamwona, na bosi wa wakati huo alikuwa akipiga redio kila asubuhi kwamba mstari uishe kabla wageni wa ukaguzi hawajafika. Nikasema: "Mzee, saruji tunayo. Shaba tunayo. Tuijenge."

"Wapi? Ndani ya shimo?"

"Pembeni hapa, kwenye mwamba. Hatua nane tu. Hatua nane porini ni nini, mzee wangu? Si urefu wa tembo mmoja na mtoto wake!"

Hakucheka. Akatazama bonde. Alikuwa amechoka, miguu imemvimba, na nadhani kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee. Akaikata ile herufi mstari mmoja, akaandika pembeni: "Nguzo ipo. Hali nzuri." Akanipa daftari. Mimi nikakoroga saruji, nikaipachika ile shaba ya zamani juu ya nguzo mpya, namba yake ileile. Ukifika huwezi kujua. Hata mimi nilipotazama kazi yangu nilijisifu.

Kitu ambacho sikukifikiria ni hiki, na nyie kishikeni. Ukikosea mwanzo wa mstari, kosa halikai pale pale. Tulisimama mahali pa uongo, tukachukua mwelekeo kwa kulenga kilima cha pili kilicho jirani, ambacho kilikuwa cha kweli, na mstari wote ukapinda kidogo. Ni kama mlango. Penye bawaba hausogei sana, ukingo wa mbele ndio unaozunguka. Hatua nane za kilimani zilifika kule bondeni zikiwa hatua hamsini.

Na kule bondeni aliishi Zakaria na mkewe, Mama Espe. Watu wa asili ya Burundi, wameshapata uraia, wakulima, watu wa kanisa, na Zakaria alikuwa mfugaji nyuki hodari. Tulipofika na mstari wetu, mahali pa kusimika bikoni, ile nguzo fupi ya mpaka, paliangukia mbele ya nyumba yao. Yaani nyumba, kisima na mizinga vyote upande wa hifadhi. Zakaria akashangaa kwa upole wake.

"Bwana Vipimo, wazee walituonyesha mpaka ni lile korongo kule nyuma. Hapa ni mbele ya mlango wangu."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia: "Mashine haidanganyi, mzee."

Basi. Akakubali. Akachota maji kisimani kwake akatukorogea saruji ya bikoni, na mkewe akatuletea asali kwenye sahani. Nikala.

Miaka ikapita na hakuna aliyeijali ile bikoni. Mbuzi walijikunia mgongo. Theodolaiti zikaenda stoo, vifaa vya setilaiti vikaja, na mimi nikapandishwa cheo mara mbili. Nikachaguliwa kwenda kozi nchi za kusini, mahali penye darubini ya redio, yaani dishi kubwa la kuelekea angani. Dishi lile lingetosha kuanikia mpunga wa Majimoto nzima. Kufika tu nikatia aibu. Simu yangu iliita nikiwa karibu nalo, shemeji yangu ananiuliza kama nimefika salama, na wale mabwana wakanijia juu kama nimewasha moto kwenye ghala la pamba. Kumbe dishi halitazami, linasikiliza, na simu kwake ni makelele.

Linasikiliza nini? Mbali huko, mbali kuliko nyota zote mnazoziona kwa macho, kuna vitu vinavyonguruma kwa mawimbi ya redio. Viko mbali mno, hata ukivifuatilia maisha yako yote huvioni vikisogea. Hizo ndizo nguzo zao. Nikajisemea, wenzetu wana akili, wameweka nguzo mahali ambapo mchimbaji wa Mpanda hafiki na sururu.

Lakini dishi moja halitoshi. Linatakiwa la pili, bara lingine, yote mawili yasikilize kitu kimoja kwa wakati mmoja. Chukulieni ngoma inapigwa kanisani. Wewe uko hapa Makanyagio, mwenzako yuko stesheni ya treni, kila mmoja ana saa sahihi kabisa. Mdundo uleule unakufikia wewe kwanza, yeye unamfikia baadaye kidogo. Ukijua sauti inakwenda kasi gani na ngoma iko upande gani, ule muda wa kuchelewa unakwambia yeye yuko mbali zaidi kwa kiasi gani. Zikipigwa ngoma nyingi za pande zote, mtajua umbali kati yenu wawili bila kunyoosha mnyororo. Wao wanafanya hivyo kutoka bara hadi bara, na wanapata jibu la milimita. Namba zinazotoka kwenye vifaa vyenu hivi, ukizifuata mpaka mwisho wake, zimeegemea huko.

Na wanavyochambua! Kila dishi linarekodi makelele matupu, ndani yake kuna redio za watu, radi, simu za mashemeji. Halafu rekodi mbili zinalinganishwa. Kilichosikika na dishi moja tu hakihesabiwi. Kinachobaki ni kile walichokisikia wote wawili.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mpole. Akatusimulia kwamba mwaka fulani dishi lao lilionekana limesogea milimita tatu, na kituo kizima hakikulala raha wiki mbili mpaka wakajua sababu. Milimita tatu! Mimi nimekaa pale kwenye kiti, hatua nane ziko kifuani, jasho linanitoka na kiyoyozi kinapuliza. Nikanyoosha mkono.

"Mkigundua kosa ni lenu wenyewe, mnafanyaje?"

"Tunaandika," akasema. "Kwani nyie mnafanyaje?"

Nikamwambia na sisi tunaandika.

Niliporudi nikawa mtaalamu. Nikawafundisha ofisini kwamba hata nchi hii tuliyosimama inasogea, bara zima, kila mwaka kidogo tu, kama kucha inavyoota. Bosi wetu mpya, kijana msomi, alilipenda neno hilo, kila kikao lazima aliseme. Nikawasimulia na habari za mzee Sitta, kofi, kifutio cha mto Ugalla, wakacheka mpaka machozi. Mzee Sitta mwenyewe alikuwa ameshafariki. Tangu ile siku hakupanda tena kile kilima, kila mara alipata udhuru, na mimi sikumuuliza.

Halafu ikaja amri ya kusafisha hifadhi. Kila aliye ndani ya bikoni atoke. Orodha ikapita mezani kwangu, na jina la Mama Espe lilikuwa la nne. Zakaria alikuwa ameshafariki naye, amezikwa nyuma ya nyumba, karibu na mizinga yake.

Siku hiyo sikula. Nikachukua kifaa kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo, nikapanda kilima, nikakiweka juu ya nguzo yangu ya uongo siku tatu mfululizo. Nikakiweka na kilima cha pili siku tatu. Nikapiga hesabu, nikazibadilisha namba za zamani kuja kwenye mfumo mpya kama inavyotakiwa, nikarudia. Kilima cha pili kilikaa mahali pake. Nguzo yangu ilikosea hatua nane, kweupe kabisa. Nikaandika ripoti, nikaingia kwa bosi.

Akasoma. Akavua miwani. "Mzee wangu, vipimo vya zamani vina makosa yake. Halafu wewe si ndiye uliyetufundisha kwamba nchi inasogea?"

"Inasogea kama kucha, bosi! Siyo hatua nane! Na ikisogea inakwenda yote, kilima cha pili kingebaki vipi?"

"Unataka kusema nini?"

Nikamwambia yote. Shimo, shaba, saruji.

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Mzee Sitta."

Akaenda kabatini, akarudi na daftari la vipimo lililoliwa na mende pembeni. Akalifungua, akanigeuzia. Mwandiko wa Sitta, penseli, safi kama wa jana. Nguzo ipo. Hali nzuri.

"Marehemu alidanganya?"

"Nilimlazimisha mimi."

"Wewe? Mshika mnyororo umlazimishe mzee Sitta? Yule wa kifutio?" Akacheka, hakuwa na ubaya. "Mzee, umechoka. Umebakiza miezi mitano ustaafu. Nikiipeleka hii juu, mstari mzima unarudiwa, na wa kwanza kuulizwa ni wewe. Ichukue ripoti yako, ukapumzike."

Na mimi nikaichukua! Hapo ndipo ninapojilaani. Ningeweza kwenda mkoani. Ningeweza kusimama mbele ya ile nyumba. Niliikunja nikaiweka mfukoni, nikaenda kumalizia miezi yangu mitano, na wiki iliyofuata nyumba ya Mama Espe ilibomolewa. Waliniaga kwa soda na zawadi ya cherehani kwa mke wangu, na hotuba kwamba nimetumikia kwa uaminifu. Nikapiga makofi na mimi.

Mama Espe anakaa mtaa wa pili hapo, kwa binti yake. Ilinichukua mwaka mzima kuvuka hizo nyumba chache. Nilimkuta anachambua maharage. Alinikaribisha, akaniita Bwana Vipimo kama zamani, akamwita binti alete kiti. Nikamweleza nikiwa nimesimama.

"Mana yanje," akasema kwa Kirundi chake. Mungu wangu. Kisha akauliza: "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

"Zakaria alipokuwa anakukorogea saruji?"

"Ndiyo, mama."

Akaendelea kuchambua. Mawe huku, maharage huku. Nilitamani anitukane.

"Kaburi lake liko upande upi?"

"Upande wa kijiji. Korongo ndio mpaka, kama wazee walivyowaonyesha. Kaburi halijawahi kuwa ndani ya hifadhi." Nikatoa karatasi. Nilikuwa nimempigia hesabu, namba zote, mahali pa kaburi na mahali pa mstari wa kweli, kosa lake halizidi upana wa kidole. Binti akamsomea. Akasikiliza kama anasikiliza barua.

"Nikimwonyesha askari wa pori hii, ataniacha nipite nikapalilie? Nyasi zimemfunika."

"Hapana, mama. Hataisoma."

Akaikunja vizuri, mikunjo minne. Akasimama, akanirudishia mwenyewe kwenye mfuko wa shati, huu huu ambao mzee Sitta alikuwa akinipekua kila asubuhi. Akakaa tena kwenye maharage yake. Hakuniambia niondoke.

Sasa nyie mnapanda. Nimeongea ofisini, nimeongea kwa mwenyekiti, nimeongea kanisani, na kote nimesikika peke yangu, kwa hiyo sihesabiwi. Hiyo ni haki yangu, silalamiki. Lakini Mama Espe hana kosa lolote katika hili, na Zakaria amelala kwenye majani kule kwa ajili ya haraka yangu ya kwenda kumwona mtoto. Kapimeni. Kaeni siku tatu juu, msikae saa mbili mkashuka kwa sababu jua kali. Kapimeni na kilima cha pili. Mkikuta tofauti, bosi wenu atawaambia nchi inasogea. Tutaona mtaandika nini. Mimi nilikuwa kijana kama nyie, na nilikuwa na akili, na mnajua nilichoandikisha.

Wewe mwenye kofia, nimekuona unautazama mfuko wangu. Ndiyo, karatasi iko humu, namba zote zimo. Sikuonyeshi, naziba kwa kiganja kama mzee Sitta. Ondoa mkono. Kapime kwanza.